Mji wa Mjerumani Uko Kwenye Ziwa Letu: Panga Safari ya Mwanza Bila Pesa Kuvuja Mpakani

Watu wengi wangependa kuona mji wa zamani wa Kijerumani angalau mara moja maishani. Picha tumeziona kwenye simu: Heidelberg na ngome yake mlimani, Nuremberg na kuta zake za mawe. Halafu unafungua orodha ya mahitaji. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa viza, ada hairudi. Bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000. Na bado hujanunua tiketi ya ndege. Wengi hufunga ukurasa hapo hapo.

Sasa hebu geuza ramani. Ukitoka Kisumu ukafuata ufuo wa ziwa kuelekea kusini, karibu kilomita 500 kwa barabara, unafika mji ambao Wajerumani waliufanya kituo chao mwaka 1892. Hauhitaji viza kwa Mkenya. Hauhitaji ndege. Maji yake ni haya haya yetu ya Dunga na Hippo Point. Mji huo ni Mwanza, Tanzania.

Safari yenyewe si ghali sana. Kinachomaliza watu ni ule mstari wa mpaka. Mtu anaondoka Kisumu na pesa za kutosha, lakini kufika Mwanza amepungukiwa na hajui zimeenda wapi. Hakuibiwa zote. Zilivuja kidogo kidogo: hapa kwa kubadilisha, pale kwa ada, kwingine kwa kuchanganya shilingi na shilingi. Makala hii ni ya kuziba matundu hayo kabla hujaondoka.

Kwa nini Mwanza, na Mjerumani alifikaje hapo?

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora mstari kutoka pwani karibu na Vanga hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mwaka 1890 wakauendeleza mstari huo kuvuka ziwa. Hakuna Mkuria wala Mjaluo aliyeulizwa. Ndiyo maana hadi leo Wakuria wako Isebania na wako Sirari, na ukifika Rorya utasikia Dholuo ile ile ya Migori.

Upande wetu, Waingereza walileta reli. Ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Upande wa pili, Wajerumani walikuwa na vituo vyao Mwanza na Bukoba. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, ziwa likageuka uwanja wa mapambano. Septemba 1914 Wajerumani waliingia hadi mji wa Kisii. Juni 1915 Waingereza wakapakia wanajeshi kwenye meli hapa Kisumu, wakavuka ziwa na kuivamia Bukoba tarehe 22 na 23, wakabomoa mtambo wa redio wa Wajerumani. Mwanza yenyewe iliangukia mikononi mwa Waingereza Julai 1916. Na waliobeba mizigo ya vita hiyo, wengi bila hiari yao, walikuwa vijana wa huku kwetu na wa kule. Jina Kariokor la Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yote yametokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Kwa hivyo ukienda Mwanza unaenda kuangalia upande wa pili wa hadithi yako mwenyewe.

Hata neno "hela" lilipita hapa

Hii sehemu inatuhusu sana sisi watu wa pesa kwa simu. Wajerumani wa Afrika Mashariki walitumia rupia, na mwanzoni rupia moja iligawanywa kuwa pesa 64. Ndiyo, sarafu yenyewe iliitwa pesa. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia moja ikawa na heller 100. Heller ikaingia kinywani mwa watu ikawa hela, neno ambalo leo Mtanzania hulitumia kila siku.

Baadaye, kuanzia mwaka 1921, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi hiyo ilikuwa moja, Kisumu na Mwanza. Mfanyabiashara wa samaki angeweza kuuza Mwanza na kununua Kisumu bila kubadilisha chochote. Mwaka 1966 ndipo benki kuu za Kenya na Tanzania zilipoanza kazi na kila nchi ikatoa shilingi yake. Zilianza zikiwa sawa, moja kwa moja. Leo shilingi moja ya Kenya hupata takriban shilingi 20 za Tanzania, wakati mwingine pungufu kidogo. Jina moja, thamani tofauti kabisa. Matatizo mengi ya msafiri huanzia hapo.

Kabla ya kuondoka: karatasi

Kitambulisho cha taifa kinakutosha kwenda Uganda au Rwanda, lakini Tanzania hakitoshi. Unahitaji pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiri kutoka Idara ya Uhamiaji, ambacho unaomba kupitia eCitizen. Omba mapema, usingoje wiki ya Krismasi. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Tanzania huitaka kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo.

Lipa ada zote kwenye tovuti rasmi ya serikali. Mtu akikuambia "nitumie kwa namba yangu nikuharakishie," huyo hakuharakishii chochote isipokuwa pesa yako kuondoka.

Zamani kulikuwa na meli za abiria zilizozunguka Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba. Usipange safari yako ukizitegemea. Panga barabara: Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, Migori, Isebania. Ukivuka ni Sirari, Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, kisha Mwanza. Ni siku nzima, kwa hivyo toka alfajiri. Na uliza mapema gari litaishia stendi gani, Nyamhongolo iliyo upande wa barabara ya Musoma au Nyegezi iliyo upande wa Shinyanga. Kushuka stendi usiyoijua usiku ndiyo njia ya haraka ya kulipa bajaji mara tatu ya bei.

Gawa pesa kabla ya kugusa mpaka

Tuseme umetenga Sh 20,000. Usizichukulie kama rundo moja. Zigawe mara tatu.

*Fungu la kwanza: nauli ya kurudi.* Hii inabaki kwenye laini yako ya Kenya, kwa shilingi za Kenya, haiguswi. Piga hesabu ya kutoka Isebania hadi mlangoni kwako Kisumu. Hata mambo yakiharibika huko, ukivuka tu mpaka uko nyumbani.

*Fungu la pili: matumizi ya Mwanza.* Kulala, kula, usafiri wa mjini, viingilio, na nauli ya Sirari kwenda na kurudi. Hili ndilo utakalobadilisha kuwa shilingi za Tanzania.

*Fungu la tatu: dharura.* Linabaki Kenya pia, ama kwenye simu yako ama kwa mtu unayemwamini nyumbani ambaye anaweza kukutumia. Hulibadilishi mpaka shida itokee kweli.

Kwa nini usibadilishe zote mara moja? Kwa sababu kubadilisha kuna gharama kila mara, kwenda na kurudi. Chukua mfano huu. Kiwango cha soko siku hiyo ni shilingi 19 za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya. Mtu wa mpakani anakupa 18 ukimpelekea za Kenya, na ukirudi na za Tanzania anataka 20 ndipo akupe moja ya Kenya. Ukibadilisha Sh 20,000 zote unapata 360,000 badala ya 380,000. Tayari umeacha kama Sh 1,050 mpakani. Sasa umerudi na shilingi 100,000 za Tanzania hukuzitumia. Zilikugharimu Sh 5,556. Atakupa Sh 5,000. Hujala, hujalala, na Sh 556 nyingine zimeenda.

Viwango hubadilika kila siku, kwa hivyo namba hizi ni za mfano tu. Hesabu yenyewe haibadiliki: badilisha unachohitaji, kidogo kidogo, na usirudi na mzigo.

M-Pesa ya Kenya si M-Pesa ya Tanzania

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na si ajabu, maana jina ni lile lile. M-Pesa ya Kenya iko chini ya Safaricom, ile ya Tanzania iko chini ya Vodacom. Ni akaunti mbili tofauti zenye shilingi mbili tofauti. Huwezi kusimama kwa wakala wa Mwanza na laini yako ya Kenya ukatoa pesa kama uko Kondele. Kule utakuta pia Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa, kila moja na wakala wake.

Njia inayofanya kazi ni hii:

1. Kabla ya kuondoka, uliza mtandao wako jinsi laini yako itakavyofanya kazi ukiwa Tanzania. Bila mtandao hutapata ujumbe wa kuthibitisha, na bila ujumbe huo pesa yako iko lakini huifikii.

2. Ukivuka, nunua laini ya Tanzania kwenye duka rasmi la kampuni ya simu, si kwa kijana anayetembea na laini mkononi. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako, kisha fungua akaunti ya pesa. Ukiwa na kibali cha muda badala ya pasipoti, ulizia dukani kwanza kama wanakipokea.

3. Kutoka laini yako ya Kenya, tumia menyu ya kutuma pesa nje ya nchi ujitumie kwenye laini yako mpya. Anza na kiasi kidogo, kama Sh 500. Ikifika, tuma zilizobaki.

4. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma mambo matatu kwenye skrini: jina la mpokeaji, kiwango cha kubadilisha na ada. Ukikosea ndani ya Kenya unaweza kuomba pesa irudishwe. Ikishavuka mpaka, kuirudisha ni kazi ngumu zaidi.

5. Usitumie namba ya siri moja kwa laini zote mbili. Simu ikipotea, mwizi asipate milango miwili kwa ufunguo mmoja.

Linganisha kila mara. Chukua kile kiwango cha simu, toa ada, ona utabaki na ngapi mkononi. Kisha linganisha na duka la kubadilisha fedha lenye leseni. Kuna siku simu itashinda, kuna siku duka litashinda. Anayeshindwa ni yule ambaye hakuuliza.

Pale Isebania penyewe

Mpaka wa Isebania na Sirari una kituo kimoja cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Ndani mambo ni ya utaratibu. Nje ndipo utasikia "change, change, my friend" kutoka kila upande.

Kuwa mpole lakini usiwe na haraka. Wadanganyifu wa mpakani wana mbinu chache tu na zote zinategemea haraka yako. Kuna wa kukunja noti ili moja ihesabiwe mara mbili. Kuna mwenye kikokotoo kinachotoa jibu lake mwenyewe. Kuna anayekuhesabia vizuri, kisha mwenzake anapiga kelele "polisi!" na kifurushi unachopewa si kile kilichohesabiwa. Dawa ni moja: piga hesabu kwenye simu yako, hesabu noti wewe mwenyewe, na hesabu yako ndiyo iwe ya mwisho. Ukiweza, badilisha ndani ya benki au duka lenye leseni, na udai risiti.

Usijiambie pia kwamba utalipa kwa shilingi za Kenya mpaka mwisho. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa sarafu za kigeni. Muuzaji wa Sirari anaweza kukuonea huruma, lakini hoteli ya Mwanza haitajitia matatani kwa ajili yako.

Ukishafika: bei, maneno na samaki

Siku ya kwanza kila bei itakutisha. Chai elfu, chakula elfu saba. Tumia kanuni hii ya haraka: kata sifuri moja, gawa kwa mbili. Elfu kumi inakuwa elfu moja, kisha mia tano. Ni makadirio, lakini yatakuzuia kukataa chakula cha bei nzuri au kukubali bodaboda ya bei ya wazimu. Noti kubwa kule ni 10,000, kwa hivyo usione noti nyingi ukajiona tajiri. Noti ya 1,000 ya Tanzania ni kama hamsini yetu. Ziweke mifuko tofauti na noti za Kenya.

Maneno nayo yana thamani. Kule si matatu, ni daladala. Tuktuk ni bajaji. Usiseme "nipe chai" kama umeagiza jeshi. Sema "naomba chai," na mzee mpe "shikamoo" kwanza. Mkenya akianza vizuri hivi, hata bei hulegea. Dukani ukiona bango la "Lipa Namba," ndiyo njia yao ya kulipa kwa simu. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, kama unavyofanya nyumbani.

Samaki wako wale wale, majina ndiyo mapya. Ngege anaitwa sato, mbuta anaitwa sangara, na omena ni dagaa. Ukijua hivyo hutauziwa sato kwa bei ya mgeni.

Kuhusu kutembea, siku mbili zinatosha kuona mengi bila kuumiza mfuko:

- Jiwe la Bismarck, lile la ziwani lililobeba jina la Otto von Bismarck, kansela wa kwanza wa Ujerumani. Nenda jioni jua likizama. Ukiwa hapo, jiulize jiwe hilo lilikuwa na umri gani kabla ya kupewa jina la mtu ambaye hakuwahi kuliona.
- Nyumba ya Gunzert, jengo la enzi za Wajerumani lenye jina la Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya wakati huo.
- Makoroboi, eneo la katikati ya mji lililopata jina kutokana na mafundi waliotengeneza koroboi kutoka mabati yaliyotupwa.
- Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo karibu kabisa na mji. Ulizia kiingilio na nauli ya boti kwa wahifadhi wenyewe, na uwaulize Mkenya analipa kundi gani la bei.
- Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka mjini. Majengo ya Mjerumani ni sehemu fupi ya hadithi. Wasukuma ndio mji wenyewe.

Ukiwa na siku ya tatu, nenda ukaone Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025.

Mkienda kama chama

Vyama vingi huku kwetu hupenda kufunga mwaka na safari. Wazo zuri. Ila kuna kosa moja linaloweza kukwamisha watu kumi kwa mpigo: pesa zote kukaa kwenye simu ya mweka hazina. Simu ikiibiwa Nyamhongolo, au ikizima tu, nyote mmekwama nchi ya watu.

Fanyeni hivi. Kusanyeni michango mapema, kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha. Kabla ya kuvuka, gawaneni: watu wawili wabebe pesa za pamoja, kila mmoja na laini yake ya Tanzania, na kila mwanachama abaki na fungu lake la nauli ya kurudi. Kila malipo yapigwe picha ya skrini na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Si kwamba hamuaminiani. Ni kwamba mkirudi Kisumu mnataka kuongea kuhusu Mwanza, si kuhusu elfu tatu zilizopotelea Tarime.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Wiki mbili kabla ya safari, fanya mambo manne. Angalia pasipoti au kibali chako kina muda wa kutosha. Badilisha namba yako ya siri na umwambie mtu mmoja nyumbani utakakolala. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako. Na tenga lile fungu la nauli ya kurudi leo, wakati bado huna hamu ya kulitumia.

Safari njema. Wasalimie Wasukuma, na ukikuta sato mzuri, kula kwa niaba yetu.